Mwaka mmoja chini ya paa la Wajerumani: maswali ambayo vijana wa Nakuru huniuliza

Niliishi mwaka mmoja Ujerumani kama opea, na familia yenye watoto wawili, katika mji mdogo ambao mtu wa Nakuru angeupita akidhani ni steji tu. Tangu nirudi, vijana wanaosoma Kijerumani hapa mjini wakisikia habari zangu hunitafuta. Wengine hunikuta sokoni, wengine baada ya ibada, wengine hupiga simu saa tano usiku na mahojiano yao ya viza ni kesho. Nimechoka kurudia, kwa hiyo nimeandika. Penye sheria nimeitaja sheria. Kwingine kote ni macho yangu na makosa yangu.

Opea ni nini hasa? Si ni kazi ya nyumba tu?

Neno lenyewe ni la Kifaransa, au pair. Mama yangu alipoliona kwenye karatasi za mkataba aliuliza, "Au nini? Mbona hawakumalizia?" Hutamkwa opea, nami nitaliandika hivyo. Maana yake ni kwa usawa. Unaishi na familia kama mmoja wao, unasaidia kulea watoto na kufanya kazi nyepesi za nyumbani, nao wanakupa chumba, chakula, pesa za matumizi na nafasi ya kujifunza lugha. Si ajira, na pesa hizo si mshahara.

Neno hilo "usawa" linatusumbua sisi kwa sababu wengi wetu tumelelewa na madada wa kazi. Tunamjua dada: anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, anakula jikoni, na wageni wakija hatambulishwi. Tukifika kule tunajiweka katika nafasi yake bila kuambiwa na mtu. Wiki yangu ya kwanza niliwapakulia wote chakula kisha nikasimama kando ya jiko, mikono nyuma. Baba mwenyeji aliweka uma chini, akanitazama, akauliza kama naumwa. Kiti changu kilikuwa pale mezani tangu mwanzo, na sahani mbele yake, na mimi sikukiona.

Kuna pia wa upande wa pili, wanaodhani wanakwenda kupikiwa chai na kupigwa picha kwenye theluji. Hao hurudi mapema.

Masharti ni gani?

Uwe umefikisha miaka 18, na siku unapoomba viza uwe hujafikisha 27. Uwe na Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa. Unakaa miezi 6 hadi 12, na nafasi hii ni ya mara moja tu maishani kwa Ujerumani; ukishakuwa opea huko huwezi kurudi tena kwa njia hiyo hiyo. Familia iwe inazungumza Kijerumani nyumbani, na isiwe ya ndugu zako. Kwa hiyo shangazi yako aliyeolewa Hamburg hawezi kuwa mwenyeji wako, hata akililia.

Mtihani wa A1 wengi wetu huufanyia Goethe-Institut, Nairobi. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama za kufaulu ni 60 kwa 100. Msiudharau kwa kuwa ni wa mwanzo. Nimeona watu waliopata A katika KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, wakianguka kwenye kusikiliza, kwa sababu walikariri vitabu na hawakuwahi kumsikia Mjerumani akizungumza kwa kasi yake.

Kazi ni saa ngapi, na pesa ni ngapi?

Kazi haizidi saa 30 kwa juma wala saa 6 kwa siku, na jioni unayobaki na watoto wazazi wakitoka huhesabiwa humo. Unapata angalau siku moja nzima ya mapumziko kila juma, na angalau Jumapili moja kwa mwezi iwe yako. Jioni nne kwa juma ni zako pia. Ukikaa mwaka mzima una majuma manne ya likizo, na pesa zako zinaendelea kuingia.

Pesa za matumizi ni euro 280 kwa mwezi, pamoja na euro 70 za mwezi za kuchangia kozi ya lugha. Chumba kiwe ndani ya nyumba yao, chenye dirisha, si chini ya mita 8 za mraba. Bima ya afya na ya ajali hulipwa na familia. Nauli ya ndege mara nyingi ni yako, ingawa wapo wanaosaidia, na si aibu kuuliza.

Kazi nyepesi ni kuwaandalia watoto kiamsha kinywa, kuwapeleka shuleni, kufua na kupiga pasi nguo zao, kuweka vyombo kwenye mashine, kusafisha chumba chako. Kumhudumia babu mgonjwa si kazi ya opea. Kulima bustani ya jirani pia si kazi ya opea, na ninaitaja kwa sababu kuna msichana tuliyesoma naye aliwahi kuifanya.

Kuna ajenti anataka laki mbili anipeleke. Nimpe?

Usimpe. Familia unaweza kuitafuta mwenyewe kupitia tovuti za opea, uzungumze nao kwa video mara kadhaa, waandike mkataba, nawe uupeleke ubalozini. Ada ya viza ya muda mrefu ni euro 75. Wakala wa Ujerumani haruhusiwi kumtoza opea zaidi ya euro 150. Sasa hesabu laki mbili ni mara ngapi ya hiyo.

Mimi mwenyewe nililiwa. Mtu mmoja hapa mjini alichukua elfu thelathini za mama "kufungua faili". Faili ilifunguliwa, ndani mlikuwa na nakala ya kitambulisho changu na hakuna kingine.

Ukizungumza na familia kwa video, omba uoneshwe chumba. Omba pia kuzungumza na opea aliyetangulia, ninyi wawili peke yenu. Familia inayokataa hilo ina jambo.

Si serikali zilitia saini mkataba? Bado viza ni ngumu?

Mkataba wa Kenya na Ujerumani ulitiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na unahusu wafanyakazi wenye ujuzi na urejeshaji wa wasio na vibali. Ile habari ya nafasi 250,000 za kazi kwa Wakenya iliyozunguka kwenye simu, serikali ya Ujerumani yenyewe iliikanusha. Opea ana njia yake, ilikuwepo kabla ya mkataba, nao haukuifanya fupi.

Niwaite nani? Siwezi kumwita mtu wa umri wa mamangu kwa jina!

Utaweza. Itachukua mwezi. Mimi siku za mwanzo nilitumia ujanja wa kwetu, nikamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani. Akacheka, akaniambia ana jina lake na alikuwa nalo kabla ya kuzaa. Katika familia watakuambia "du", yaani wewe wa karibu, nawe utawajibu hivyo hivyo. Lakini mwalimu wa chekechea, jirani mzee na mtu wa ofisi ni "Sie" mpaka wao wenyewe waseme vinginevyo. Kwa hiyo wana heshima, ila wameiweka mahali tofauti na tulipoiweka sisi. Shikamoo yao imo ndani ya neno lao la "wewe".

Na unapozungumza nao, watazame machoni. Kuinama kwetu ni adabu. Kule mama mwenyeji alidhani nimevunja kitu.

Chakula chao kinalika?

Kinalika, ila jioni utashangaa. Katika nyumba nyingi chakula cha moto ni cha mchana, na jioni ni mkate mzito mweusi, jibini, soseji baridi na matango ya siki. Hakuna mvuke mezani. Maji nayo yana gesi, kama soda iliyosahauliwa kutiwa sukari. Nyama ya nguruwe iliyosagwa huliwa mbichi juu ya mkate na vitunguu. Hiyo niliitazama tu.

Lakini swali lenu la chakula huwa si la chakula. Usiku niliofika nilikuwa na njaa ya safari ya saa kumi na tano. Mama mwenyeji aliuliza kama nitakula. Nikasema hapana, asante, nimeshiba. Ndivyo nilivyofunzwa, ukikubali mara ya kwanza watu watasema kwenu hakuliki. Nikangoja aniambie, "Kula bwana, hata kidogo tu." Alitabasamu, akafunika jibini, akalirudisha kwenye friji, akanionesha kitanda. Nikalala na njaa na hasira juu ya mwanamke ambaye hakuwa amenikosea lolote. Yeye alijua amenipa heshima yangu: mtu mzima amesema hapana, habembelezwi.

Shida zangu nyingi za mwaka ule zilitoka kwenye mlango huo huo. Kwetu mtu akinyamaza, kimya chake kinasomwa. Shangazi ataona hukumaliza ugali, atamwambia mama, mama atamtuma dada yako akuulize usiku mkiwa kitandani. Kule hakuna wa kutumwa. Ukisema uko sawa, uko sawa. Nilipata baridi chumbani kwa siku tisa kwa sababu sikutaka kuwasumbua kuhusu kipasha joto, na siku ya kumi niliposema, baba alizungusha kitufe kimoja, sekunde tano, akauliza kwa mshangao wa kweli kwa nini sikusema jana. Jana! Wenzangu niliokuwa nao kwenye kozi, Mkolombia na Mgeorgia, nao walikuwa na hadithi za kipasha joto chao.

Basi semeni. Nina njaa. Nina baridi. Jumamosi hii siwezi. Sijaelewa, rudia. Mtaona ni utovu wa adabu kinywani mwenu. Masikioni mwao ni taarifa tu. Nao wakikuambia supu yako ina chumvi nyingi, hawajakutukana. Supu ina chumvi nyingi.

Ni kweli wanaishi kwa saa?

Ndiyo, nayo saa yao ina mtego kwa mtu wa Kiswahili.

Wakisema "halb vier", neno kwa neno ni nusu na nne. Mimi nilihesabu hivi: nne yao ni saa kumi yetu, ongeza nusu, basi ni saa kumi na nusu. Nikafika chekechea kumchukua mtoto nikiwa na dakika tano mkononi, najisifu moyoni. Nilimkuta mwalimu amesimama mlangoni, mtoto kavaa koti, kofia na mkoba, machozi yamekauka mashavuni. Kumbe "halb vier" ni nusu ya kuiendea nne: saa tisa na nusu. Nilichelewa karibu saa nzima, na mama mwenyeji alikuwa ametolewa kwenye mkutano kwa simu.

Tangu siku hiyo nikiambiwa saa yoyote nilikuwa naiandika kwa tarakimu, 15:30, naionesha, wanaitikia kwa kichwa, ndipo naondoka. Fanya hivyo hata ukijiona mjinga. Tarakimu zao pia husomwa kinyume, ishirini na moja ni "moja na ishirini", kwa hiyo namba ya simu usiikubali kwa mdomo.

Kuchelewa dakika kumi bila kupiga simu kule ni jambo. Ukipiga simu dakika kumi kabla, si jambo.

Nyumba ina sheria gani ambazo hakuna atakayeniambia?

Viatu mlangoni. Mlango uliofungwa hubishwa, hata wa mtoto wa miaka sita, na anaweza kukujibu kwamba hataki uingie, nawe unarudi ulikotoka. Madirisha hufunguliwa wazi kila asubuhi hata kukiwa na theluji, kipasha joto kimezimwa kwanza, hewa ibadilike na kuta zisipate ukungu. Siku ya kwanza nilidhani wanatusafisha kama tumekufa humo ndani.

Taka zina mapipa yake. Kwa wenyeji wangu mabaki ya chakula yalikwenda pipa la kahawia, karatasi la buluu, plastiki za kufungia vitu la njano, na yanayobaki jeusi. Rangi hutofautiana kati ya mji na mji, kwa hiyo uliza. Ukikosea, majirani ndio watakaokuambia. Chupa nyingi za plastiki na makopo zina amana ya senti 25 uliyolipa dukani. Unazirudisha kwenye mashine, inakupa risiti, unalipia nayo. Usizitupe. Nilikuwa na wivu na mashine hiyo kila nikikumbuka mitaro ya kwetu baada ya mvua.

Jumapili maduka hufungwa. Karibu yote; vituo vya mafuta na machache kwenye stesheni hubaki wazi. Jumapili hukati nyasi, hutoboi ukuta, hupeleki chupa za kioo kwenye pipa la mtaani kwa kuwa zinapiga kelele. Mtu aliyezoea Nakuru ya Jumapili, spika za kanisa hili zikijibizana na za lile na kondakta akiita abiria katikati, ataona kimya hicho kinamuingia masikioni kama maji.

Watoto wao ni watundu na hawaogopi mtu. Naweza kuwagusa kidogo?

Hapana. Tangu 2000 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na hiyo inamhusu hata mzazi wake, sembuse wewe. Hata kofi la mkono, hata kuvuta sikio. Utarudishwa nyumbani, na utastahili.

Utafanya nini sasa mtoto wa miaka minne akikuambia si lazima akutii kwa kuwa wewe si mamake? Mimi nilichuchumaa tukawa uso kwa uso, nikampa mambo mawili achague: viatu vyekundu au vya buluu. Kutovaa viatu hakukuwa kwenye orodha. Mbinu hiyo nilifunzwa na mama mwenyeji, nayo naitumia hata kwa wapwa zangu hapa Lanet, ingawa bibi yao anasema nawadekeza.

Watoto ndio watakaokufundisha lugha. Mtu mzima atakuelewa kwa huruma. Mtoto atakucheka, atakusahihisha, atakulazimisha useme tena.

Wataniuliza kuhusu rangi yangu?

Watoto watauliza kila kitu. Yule mdogo aliuliza kama rangi yangu inatoka nikioga, tukaenda bafuni tukaijaribu kwa sabuni. Yule mkubwa aliuliza kwa nini meno yangu yana rangi ya kahawia. Hilo lilinichoma, kwa sababu hapa Nakuru hakuna anayeuliza. Nusu ya darasa langu walikuwa nayo. Nikamweleza kwamba maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na kwamba ukiyanywa utotoni meno yakiwa bado yanaumbika yanabaki na madoa. Kesho yake alinieleza jambo hilo tena, na picha ya volkano aliyoichora. Nikampa jina la volkano yetu, Menengai, aandike chini.

Watu wazima ni jambo tofauti. Kuna bibi aliyenishika nywele ndani ya basi bila kuomba. Kuna mwanamume aliyenitukana stesheni. Waambie familia yako siku hiyo hiyo, usiende kulilia chumbani. Wenyeji wangu hawakujua la kusema, ila kuanzia siku hiyo baba alikuja kunichukua stesheni kila nilipochelewa, bila mjadala. Ukitishwa, polisi ni 110. Ambulensi na zimamoto ni 112.

Naweza kwenda kanisani? Au msikitini?

Unaruhusiwa, na familia inapaswa kukupa nafasi. Usishangae wao wasipokwenda, wala usiwahubirie mezani. Mimi nilipata ushirika wa Waafrika katika mji mkubwa, mwendo wa saa moja kwa treni, na baada ya ibada kulikuwa na chapati. Nitasema ukweli: kuna Jumapili nilizokwenda kwa sababu ya chapati.

Baridi je? Na upweke?

Mwenye kuijua Nakuru ya Julai, ile ya kuvaa sweta mbili ukienda dukani asubuhi, anadhani anaijua baridi. Haijui. Lakini baridi ina nguo. Giza ndilo halina nguo. Desemba jua linazama karibu saa kumi au kumi na nusu jioni, na asubuhi unawapeleka watoto shule taa za barabarani zikiwa bado zinawaka. Sisi wa karibu na ikweta hatujawahi kunyang'anywa mchana, kwa hiyo hatujui kwamba huzuni ya Novemba inaweza kuwa ya angani na si ya moyoni. Nilidhani nimerogwa. Mama mwenyeji alinitoa nje kila mchana kwa nusu saa, nitake nisitake, na ikapungua.

Tofauti ya saa na nyumbani pia inahama. Wakati wa baridi Kenya imewatangulia kwa saa mbili, wakati wa joto kwa saa moja, kwa kuwa wao husogeza saa zao Machi na Oktoba. Mama yangu hakulikubali hilo hata siku moja. Alisema ni mimi nisiyetaka kupokea simu.

Pangia simu za nyumbani siku. Mwezi wa kwanza nilikuwa hewani na Nakuru kila usiku hadi usingizi. Mwili ulikuwa Ujerumani na masikio yalikuwa Kiamunyi, na Kijerumani changu hakikusogea. Niliposhusha hadi Jumatano na Jumapili nilianza kuota kwa Kijerumani, ndoto za kipumbavu, za kununua viazi.

Nyumbani wanaomba pesa. Nifanye nini?

Euro 280 ukizibadilisha zinakuwa kama shilingi 40,000, na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu Nakuru kuna mwalimu anayelea watoto watatu kwa pesa za kukaribia hizo. Hawaoni kwamba hizo ni za simu, treni, viatu vya theluji na sehemu ya kozi. Mjomba wangu alinipangia mradi wa kuku nikiwa sijamaliza wiki tatu.

Ninachowashauri ni mtaje kiwango kabla ya kupanda ndege, mkiwa mmekaa sebuleni na wakubwa wote, na mama awe shahidi. Mimi nilisema nitatuma kila baada ya miezi mitatu, kwa mama peke yake. Mjomba alinuna, na mwaka uliofuata akanuna tena, lakini hakuniomba.

Tukikosana?

Kwanza zungumzeni, kukiwa na tarehe. Nyumba nyingi huweka kikao kifupi kila juma: nini kimeenda vizuri, nini hakikwenda. Kama hawana, omba kianzishwe. Peleka saa zako umeziandika kwenye daftari, tarehe na saa. Daftari halina hasira.

Ikishindikana, mkataba wa kawaida huvunjwa kwa notisi ya wiki mbili, na kukiwa na jambo zito, mara moja. Unaweza kutafuta familia nyingine ukiwa huko huko, mradi ofisi ya wageni ya eneo lako ijulishwe na jumla ya kukaa isizidi mwaka. Pasipoti yako inakaa kwako siku zote. Mwenyeji anayeitaka "aitunze" amekwisha kukueleza yeye ni nani.

Ukifika tu, ndani ya wiki mbili, jiandikishe katika ofisi ya mji pamoja na mwenyeji. Bila karatasi hiyo huwezi kuendelea na kibali cha kukaa.

Wavulana wanachukuliwa?

Wanachukuliwa, ila kutafuta familia kunawachukua muda mrefu zaidi. Wenye watoto wa kiume wachangamfu huwapenda. Jifunze kupika na uonekane kwenye video ukipika.

Naweza kubaki baada ya mwaka?

Kwa uopea, hapana. Wengine huendelea na mwaka wa kujitolea katika huduma za jamii, wengine hupata nafasi ya mafunzo ya kazi, hasa uuguzi, na hapo Kijerumani kinatakiwa kiwe B1 au B2, yaani ngazi za kati. Kila njia ina kibali chake na ofisi ya wageni ndiyo huamua. Anza kuulizia mwezi wa nne, usingoje wa kumi na moja. Mimi nilirudi kwa kupenda kwangu, na bado kuna watu mtaani wasioamini kwamba sikufukuzwa.

Nibebe nini?

Nguo za baridi utanunua kule, za mitumba, na ni nzuri. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria, kwa hiyo mursik, yale maziwa ya mgando, ya cucu (bibi) wa Molo iache. Beba majani ya chai, leso mbili, kiondo kimoja cha zawadi, na picha za kwenu zilizochapishwa, kwa sababu simu huzima na watoto hupenda kushika.

Unga wa mahindi beba kilo mbili. Kule kuna unga uitwao polenta, ni mkavu na wa chengachenga. Ukiusonga unapata kitu kinachofanana na ugali kama binamu anavyofanana na ndugu. Na beba mwiko. Wangu sikurudi nao. Yule mtoto mkubwa aliuficha siku ya kufunga sanduku, na mara ya mwisho tulipozungumza kwa video alikuwa anakoroga nao unga wa keki.